Mkate wa Tufaha na Karafuu za Nyanya

Najua una njaa. Pengine unausoma ukurasa huu baada ya Alasiri, jicho moja kwenye saa na sikio moja jikoni, na mimi ndio kwanza nakuja kukuhadithia mkate. Nisamehe. Huu lakini si ukurasa wa mapishi, ingawa mapishi yamo. Ni ukurasa wa tarekhe, na tarekhe yenyewe ilinianzia jikoni kwetu.

Mwaka jana nilirudi nyumbani Mombasa kutoka chuo kikuu, kumi la mwisho likiwa linaingia. Kule hosteli nilikuwa nimejifunza kwa mwenzangu mmoja mkate wa tufaha wa viungo, ule usiotiwa hamira, unaochanganywa na kutiwa motoni papo hapo. Nikataka watu wa nyumbani wajue sikwenda kusoma vitabu tu. Basi nikaupika. Nyumba ikanukia mpaka mtoto wa jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini. Magharibi ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende na maji, tukaswali, tukarudi mkekani. Nikamkatia Nyanya kipande kabla ya wengine wote, kama adabu inavyotaka. Akakiinua, akakinusa, akakirudisha sahanini taratibu.

"Umetia karafuu humu?"

"Ndiyo, Nyanya. Kidogo tu."

"Basi wape wenzio, mwanangu. Mimi karafuu sili."

Maisha yangu yote sikuwahi kujua kwamba Nyanya hali karafuu. Pilau ya kwetu haina karafuu, hilo ni kweli, lakini mimi nilidhani ndivyo pilau ilivyo. Ami yangu akaingilia kati ili kulimaliza jambo, akasema huo ni mkate wa kizungu, tumbo la mtu mzima haliutaki, leta sambusa. Watu wakacheka, tukaendelea kula. Mimi yakanibaki mawili kichwani. La kwanza: mkate huu kweli ni wa kizungu? La pili: Nyanya ana nini na karafuu?

Niliporudi chuoni nikaanza kutafuta maktaba jibu la lile la kwanza, manake lilikuwa jepesi. Nikaanza na tufaha lenyewe.

Sisi tuliosoma madrasa tulilijua tufaha kabla hatujalionja. Si unaikumbuka ile chati ya herufi ukutani? Alif ina sungura wake, arnab. Baa ina bata. Taa ina tuffaah, jekundu, limeng'aa, na wengi wetu hatukuwahi kuliona kwa macho. Pwani jina hilo twalipa pia lile tunda jingine lenye maji mengi na kokwa moja kubwa, tufaa letu la mtaani, ambalo asili yake ni pande za Malaysia na visiwa vya jirani, na wala si ndugu wa tufaha la kwenye chati. Ndiyo sababu sokoni watu husema "epo" tu, wapate kuelewana.

Tufaha hili limetoka mbali zaidi ya Ulaya. Kwenye milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, iko misitu ya mitufaha ya mwitu hadi leo. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika huko akaiona, akasema hapa ndipo nyumbani kwa tufaha. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2010 ulimpa haki. Mji mkubwa wa pale ni Almaty, zamani ukiitwa Alma-Ata, na kwa lugha ya wenyeji alma ni tufaha. Kutoka huko misafara ya biashara ikalibeba kuja magharibi, Uajemi, Sham, Iraki, na Ulaya pia.

Ami yangu ningependa alisome hili. Mwaka 1226, miaka 32 kabla ya Wamongolia kuibomoa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Ndani yake mna chakula kiitwacho tuffahiyya, nyama iliyopikwa kwa maji ya tufaha kali pamoja na viungo. Kwa hiyo tufaha kukutana na viungo vya Mashariki si uvumbuzi wa Mzungu. Jikoni kwa Waislamu lilikuwa limeshazoeleka zamani hizo.

Tufaha lina tabia moja ya ajabu. Ukipanda mbegu ya tufaha tamu, mti utakaoota hautazaa tufaha lile. Kila mbegu ina bahati yake, na mara nyingi unapata tunda kali lisilolika. Ukitaka tufaha lile lile lazima ukate kijiti cha mti wa kwanza ukakibandike kwenye shina jingine. Wamarekani wa kwanza hawakujisumbua na hayo, walipanda mbegu tu, maili kwa maili. Yuko mtu wao mashuhuri, John Chapman, aliyeishi kati ya 1774 na 1845, aliyezunguka akifungua vitalu vya mitufaha hata wakambandika jina la Johnny Appleseed, na watoto wa shule huhadithiwa habari zake. Wasichohadithiwa sana ni kwamba matufaha yale makali mengi yalikuwa ya kukamuliwa yakachachushwa yakawa kileo. Astaghfirullah. Tufaha la kula mezani na la kuokea mkate likaja kushika nafasi baadaye.

Huku kwetu Afrika tufaha lilishukia kusini kwanza. Waholanzi walitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na mwaka 1662 wakachuma matufaha ya kwanza kwenye bustani ya kampuni yao. Mpaka leo matufaha mengi unayoyaona yamepangwa kwenye mikokoteni ya Mombasa na Nairobi yanatoka Afrika Kusini. Mtufaha unataka baridi ya kutosha ili upumzike ndipo uchanue, na Mombasa, wewe wajua mwenyewe, hatuna baridi ya kumpa mtu. Kwa mkate huu chagua lile la kijani, lina ukali unaofaa. Hilo nalo lina hadithi fupi. Mwaka 1868, karibu na Sydney, Australia, mama mmoja mzee aitwaye Maria Ann Smith aliuona mti umeota wenyewe kwenye shamba lake, tunda lake halina mfano. Akafa mwaka 1870 kabla halijajulikana, na tunda likabaki na jina lake, Granny Smith. Yaani Nyanya Smith.

Haya, tufaha limekwisha. Sasa mkate wenyewe. Kwa nini huu hautaki hamira?

Mkate wa kawaida huumuka kwa sababu hamira ni kitu hai. Inakula sukari ya unga, inatoa hewa, na hewa hiyo inahitaji saa zake. Mtu wa Ramadhan aliyetoka kazini saa kumi na moja hana saa hizo. Mkate wa haraka hewa yake haitoki kwenye kitu hai, inatoka kwenye alkali ikikutana na kitu kikali, kama maziwa lala au ndimu. Zikikutana penye unyevu hutoa hewa ya kaboni dioksidi, ile ile inayopanda kwa povu ukifungua chupa ya soda. Hewa inanaswa ndani ya unga, moto unaugandisha unga, mkate umesimama.

Na neno alkali, ambalo wanakemia wa dunia nzima hulitumia, ni Kiarabu: al-qaly, majivu ya mimea inayoota penye chumvi, waliyoyatumia mafundi wa sabuni na vioo. Kumbe yote yalianza kwa majivu. Wamarekani nao walichoma misitu yao, wakachuja majivu, wakachemsha maji yake mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hataza ya kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, yenye sahihi ya rais George Washington, ilikuwa ya njia ya kutengeneza chumvi hiyo ya majivu. Aliyepewa ni Samuel Hopkins. Miaka sita baadaye, 1796, Amelia Simmons akatoa kitabu chake American Cookery, ambacho ndani yake chumvi ile inatiwa kwenye unga ili uumuke. Hapo ndipo uzazi wa mkate wa haraka unapoanza kuonekana kwenye maandishi. Lakini ilikuwa na kero yake: ikikutana na mafuta huacha ladha ya sabuni, na si ajabu, sabuni yenyewe hutengenezwa vivyo hivyo.

Mwaka 1843 huko Birmingham, Uingereza, mwuza dawa Alfred Bird alichanganya unga wa kuumulia kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Mwaka 1846 John Dwight na Austin Church wakaanza kutengeneza na kuuza bekingi soda New York. Kisha mwaka 1856 profesa mmoja wa Harvard, Eben Horsford, akapata hataza ya ukali wa ungaunga unaokaa pamoja na soda bila kugombana mpaka upate maji. Ndiyo bekingi pauda hiyo uliyo nayo kabatini. Zinazouzwa siku hizi nyingi hufanya kazi mara mbili, kidogo zikipata maji na zaidi zikipata moto.

Kwa hiyo ami alikuwa na haki nusu. Ile namna ya kuumua ni ya Wamarekani na Waingereza wa juzijuzi. Sisi nasi tuna magadi yetu, Mwenyezi Mungu ametujaalia ziwa zima kule Kajiado, na kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911. Wenye maharagwe yasiyoiva wanayajua sana. Usije tu ukayatia kwenye mkate huu badala ya bekingi soda, ni makali mno, utapata ile ile ladha ya sabuni ya akina Amelia Simmons.

Sasa kalamu na karatasi. Unga wa ngano gramu 250, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini wa unga vijiko viwili vya chai, kungumanga iliyokwaruzwa nusu kijiko. Vichekeche pamoja. Bakuli jingine piga mayai mawili na sukari gramu 150, tia mafuta ya kupikia mililita 120 na maziwa lala mililita 120. Matufaha mawili makubwa yamenye, yakwaruze kwa kikwaruzo cha karoti, na usiyakamue maji. Mimina vya maji kwenye vya unga, tia tufaha, koroga kwa mwiko mara chache tu. Hapa ndipo wengi huharibu. Tumezoea mahamri, tunakanda mpaka mkono ukatike, lakini huu ukiukoroga sana unga unashika nguvu na mkate unakuwa kama mpira. Ukiona mabonge madogo yaache. Na usiuweke ukangoja, manake hewa imeshaanza kutoka, tia motoni mara moja.

Mwenye oveni awashe digrii 180, dakika 50 hadi 60. Asiye nayo asisononeke, Pwani tuliokwa mikate kabla oveni haijafika. Mkate wa sinia na wa kumimina bibi zetu waliupika kwa moto wa juu na wa chini, na huu unakubali. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu safi kama vidole viwili, funika, pasha kwa robo saa. Weka chombo chako kilichopakwa mafuta juu ya mchanga, funika, pakia makaa machache juu ya kifuniko, na punguza ya chini. Dirisha liwe wazi, moshi wa makaa si wa kuchezea. Baada ya kama saa moja chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu umeiva. Uache upoe kabla ya kuukata, hata kama wenye saumu wanakukodolea macho.

Umeona kwamba karafuu sikuitaja. Nimeiacha makusudi, na viungo vyote kwa jumla nimeviweka nyuma, kwa sababu hapa ndipo lile swali la pili lilipokuwa limejificha.

Mdalasini hauna neno kubwa. Jina lake ni la Kiajemi lililopitia Kiarabu, darsini, mti wa China, ingawa mdalasini bora hutoka Sri Lanka. Wagiriki wa kale hawakujua unakotoka, na Herodotus aliandika kwamba huko Arabuni ndege wakubwa hujengea viota vyao vijiti vya mdalasini, watu wakaviangusha kwa hila. Waliouuza walijua kuficha siri ya soko.

Kungumanga ina damu. Mpaka karne ya 17 dunia nzima ilikuwa ikiipata kwenye visiwa vidogo vya Banda, Indonesia ya leo, na watu wake wengi walikuwa Waislamu, wafanyabiashara hodari waliouzia kila jahazi. Kampuni ya Waholanzi ilitaka wauziwe wao peke yao. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen akaenda na manowari. Wazee wa mji 44 wakakatwa vichwa. Banda ilikuwa na watu kiasi cha 15,000, na inakadiriwa waliobaki visiwani baada ya hapo walikuwa kama elfu moja. Mashamba wakagawana Waholanzi, na wa kuyalima wakaletwa watumwa. Kisiwa kimoja, Run, kilikuwa na Waingereza, na katika mapatano ya Breda ya mwaka 1667 wakawaachia Waholanzi, wao wakabaki na Manhattan, iliyo katikati ya New York ya leo. Kungumanga ilikuwa na thamani hiyo.

Nilipokuwa nayasoma haya, ndugu msomaji, sikufichi, nilikuwa na raha ya namna fulani. Ile raha ya kumpata mtu na kosa. Nikajisemea nikirudi nyumbani nitamwambia ami, waone hao wastaarabu wako. Kisha nikafungua ukurasa wa karafuu.

Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Ternate, Tidore na jirani zao, vilivyokuwa na masultani Waislamu. Waholanzi huko pia waling'oa mikarafuu katika miaka ya 1650 ili ibaki Ambon walikoitawala wao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche kwa magendo ikapandwa Mauritius, ikaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abri. Seyyid Said bin Sultan aliona faida yake, akahamishia makao yake Unguja kutoka Oman, akahimiza kila mwenye shamba apande. Kufikia katikati ya karne ile sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilikuwa inatoka Unguja na Pemba.

Nani aliyeichuma? Karafuu ni tumba la ua, lazima lichumwe kabla halijafunguka, kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, mtu yuko juu ya mti mrefu. Kisha huchambuliwa kutoka kwenye makonyo na kuanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa, na mvua ikitisha inakimbiliwa kuanuliwa. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono ililetwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, kwa miguu mpaka pwani na kwa jahazi mpaka visiwani. Wenye mashamba walikuwa Waarabu wa Oman, na Waswahili wenyeji pia. Walikuwa Waislamu. Walikuwa watu wetu.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, bei ikapanda, na Pemba ikapanda mikarafuu mingine kwa pupa. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash alibanwa na Waingereza akatia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kupitishwa baharini. Lakini Pemba inataka mikono! Basi watu wakawa wanavushwa usiku kwa magendo kwenye mkondo wa Pemba. Manowari ya Waingereza iitwayo London iliwekwa Unguja kuwawinda, na mwezi Disemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, akauawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi la watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka ule wa 1897 serikali iliwalipa fidia wenye watumwa. Mtumwa yeye alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha. Na masuria hawakuingizwa kwenye sheria hiyo mpaka mwaka 1909.

Wako wanaosema utumwa wa kwetu ulikuwa mwepesi, mtumwa alikuwa kama mtu wa nyumbani, alipewa siku zake za kulima kibanda chake, si kama Marekani. Nimeyasikia hayo barazani tangu utotoni. Siku hizo alizipewa kweli wengi wao, Alhamisi na Ijumaa. Lakini mtu anayepewa Alhamisi na Ijumaa, jiulize, Jumamosi ni ya nani?

Na kuna jambo jingine lililonikaa rohoni. Madrasa tulikariri kafara ya mwenye kumuingilia mkewe mchana wa Ramadhan kwa kusudi: aache huru mtumwa, asipopata afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe masikini sitini. Tulikariri kwa sauti moja, tukitingisha vichwa, watoto thelathini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kumuuliza ustadhi, mtumwa huyo ni nani? Ana jina? Katika sisi thelathini, yuko mjukuu wake?

Nilirudi nyumbani likizo ya Disemba. Nikangoja mpaka Nyanya amemaliza Isha, akakaa na tasbihi yake barazani, nikamuamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake. Nikamwambia, "Nyanya, nimesoma habari za karafuu za Pemba." Sikuongeza neno. Akanyamaza muda, mpaka nikadhani hatajibu.

Kisha akasema nyanya yake yeye aliletwa Pemba akiwa mtoto wa kuweza kubeba maji lakini si wa kuweza kupanda mti. Alivushwa usiku, akalazwa chini ya mzigo. Mwanzo alikuwa kwenye majamvi ya kuanikia, baadaye akawa mchambuaji. Alipopata uhuru wake, aliolewa, akahamia Mombasa, na akasema chungu chake yeye hakitaingia karafuu tena mpaka anakufa. Alisema harufu ile ilikuwa haimtoki vidoleni, hata akinawa na ndimu. Binti yake akalifuata neno hilo, na Nyanya akalifuata. Ndiyo pilau ya kwetu.

Nikamuuliza mbona hukutuambia? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Akasema dadake aliletewa posa na nyumba moja ya watu wakubwa, mahari yamekubaliwa, siku imewekwa, kisha mtu akaenda akanong'ona asili yao ni ya wapi. Posa ikarudishwa. Aliyenong'ona alikuwa jirani, na walikuwa wakiswali safu moja naye. "Tangu siku ile," akasema, "tukajifunza kufunga mdomo. Nyinyi mmesoma, labda mnaweza kuufungua."

Sikumjibu. Sikuwa na la kumjibu, nami hata sasa sijui kama tunaweza. Ninawajua vijana wenzangu wa chuo, wenye simu zao na maneno yao ya usawa, ambao posa ikifika nyumbani kwao swali la kwanza bado ni "watoto wa nani hao?"

Nikamuomba aniambie jina la nyanya yake. Akaniambia, majina mawili, lile alilopewa Pemba na lile la kwao alilolikumbuka mpaka mwisho. Nimeyaandika kwenye daftari langu la mapishi, chini ya mkate wa tufaha, kwa sababu ndilo daftari lililokuwa karibu. Hapa sitayachapisha, ameniomba nisiyachapishe.

Ramadhan hii nimeupika tena, siku ya pili tu ya mwezi. Mahali pa karafuu nimetia iliki, punje sita zilizomenywa zikatwangwa kinuni, na nakushauri ujaribu hivyo, haupungui kitu. Wewe ukitaka kutia karafuu tia, robo kijiko cha chai inatosha. Nyanya alikinusa kipande chake kwanza, kama kawaida yake. Akala viwili na chai ya rangi. Akasema ni mzuri, ila chumvi haikutosha.